Mkono Niliomfundisha Pweza

Marahaba, Skola.

Najua utaingia na shikamoo yako mdomoni kabla hujatazama kona yangu, kwa hiyo nimeitikia mapema. Sipo. Usipige yowe wala usiwaite majirani, sijaanguka na sijafa. Niko wapi, nitakuambia mwishoni. Na usirukie huko mwishoni! Wewe tangu mdogo hadithi unataka uambiwe kwanza nani alikufa, ndipo utulie usikilize ilikuwaje. Leo utanisoma kwa mpangilio wangu, maana kesho asubuhi basi linaondoka na sitapata nafasi nyingine ya kukushika sikio.

Ninaandika mchana, wewe umekwenda Idete kumuaga mama yako kaburini. Mvua imepumzika kidogo na inzi wameingia wote ndani. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya watu wa kuogopa na watu wa kusalimia, shangazi yako Veronika amekwisha kuyasema yote kwa simu kutoka Mang'ula, na mengine ameyarudia kana kwamba huko Mafia unakwenda kuolewa. Mimi siyagusi. Mimi nina jambo moja. Juzi ulikuwa uani unaosha vyombo, nikakusikia unamwambia Veronika kwamba huendi tena. Ukamwuliza, "Nani atamgeuza baba?" Ulidhani nimelala. Kilichokufa ni miguu, mwanangu. Masikio yangu mazima kabisa.

Ni swali la haki, sikatai. Mtu aliyekufa kuanzia kiunoni asipogeuzwa kitandani, mgongo unaoza angali hai. Wewe umenigeuza tangu mama yako atuache, umeniosha vidonda ambavyo binti hapaswi kuviona kwa baba yake, na hujakunja uso hata siku moja. Nimeona aibu kila siku na sikukuambia. Nakuambia leo.

Lakini kuna habari nyingine sikukuambia, nayo ndiyo inayofanya niandike. Kazi unayoiendea ndiyo niliyoifanya mimi: kushuka baharini na mtungi wa hewa mgongoni, kukaa mbele ya tundu la pweza, kumtazama anavyoishi, kupanda na kusema ulichokiona. Bakari aliyekuita ndiye niliyekuwa nazamia naye. Hamu ya pweza nimekutia mwenyewe. Ulipokuwa ukinifuta mgongo nilikusimulia anavyobadili rangi, anavyokokota mawe na kujifungia mlango, tukacheka. Kuhusu miguu nilikwambia maji yalinipiga, basi. Ulipenda nusu ya hadithi, na sasa unataka kwenda kuishi ndani yake. Au ulitaka, mpaka juzi.

Mimi ni Mndamba wa mto. Nimekulia kwenye mtumbwi wa babu yako hapo Kilombero. Nyavu zikinasa kwenye visiki, mimi ndiye niliyezama kuzifungua, naye juu anapiga maji kwa kasia ili mamba ajue pana watu. Mtoni huoni hata kiganja chako. Unapapasa. Unaingiza mkono kwenye shimo la ukingo na kitakachokushika humo unakivuta kwa nguvu zako zote, kwa sababu kama ni kambale ni kitoweo, na kama si kambale, bora ujue upesi. Mtafiti mmoja mwanamke, sisi tulimwita Daktari, alikuja kivukoni kutazama samaki wetu, akaniona ninavyokaa chini ya maji. Akasema kule Mafia anahitaji watu wa namna hii. Nikaenda. Wewe hata shule hujaanza, na mama yako alinisindikiza stendi amenuna.

Bahari nilianza kwa kuitukana. Chumvi machoni, chumvi kwenye chai, na maji maangavu mpaka unaogopa, unaona chini kama mtu aliye juu ya mti. Bakari ni mtu wa kule, kazaliwa anaogelea, alinicheka wiki nzima. Halafu akanifundisha, tena kwa subira, na ninachokijua cha bahari nimekitoa kwake.

Pweza mwenyewe tulimkuta kwenye mwamba, kina cha mnazi mrefu kutoka juu. Mkono wake mmoja, kule wanauita mnyiri, ulikuwa umekatika ncha. Bakari alisema ni mkunga, yule samaki kama nyoka, aliyemng'ata. Siku za mwanzo alitutolea jicho tu. Nikikosea nikasogea haraka, anapauka wote na kujibana ndani, nami nabaki natazama shimo. Tukajifunza kutulia. Baadaye akawa ananyoosha mnyiri mmoja, anaushika mkono wangu na kuupima kwa vile vikombe vyake, kimoja kimoja, kama mama anayechagua nyanya sokoni. Mara ya kwanza nilifanya kama mtu wa mtoni: nilivuta. Naye akakaza. Nikavuta tena, akakaza zaidi, nikaanza kuhema na kumaliza hewa ovyo. Bakari akanigonga begani, akanionyesha kwa mkono wake mwenyewe: legeza. Nikalegeza, na yule akaniachia.

Sheria ya Daktari ilikuwa fupi. Akitugusa yeye, tutulie. Sisi tusimguse, na tusimlishe, kabisa.

Wakati huo mwamba ulikuwa umefungwa. Kule kijiji kinakubaliana kwamba kwa miezi kadhaa hakuna kuvua pweza mahali fulani, wakue, kisha siku ya kufungua kila mwenye mapafu anashuka. Ni utaratibu mzuri na unawalisha. Basi mwamba ukiwa bado umefungwa, pweza wetu akaingia ndani, akaziba mlango kwa mawe, akaacha upenyo wa mkono. Bakari akamulika tochi. Darini mwa tundu mayai yalikuwa yananing'inia kama masuke ya mpunga. Jioni Daktari akatueleza kwenye boti kwamba pweza akishataga huacha kula. Anayapulizia mayai maji safi, anayafuta, hatoki hapo usiku wala mchana, na yakianguliwa yeye anakufa. Alilisema hilo kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Sasa Skola, wewe ni mtoto wa huku. Mwanamke akijifungua, tunakwenda kumwona vipi? Ulipozaliwa nyumba hii ilijaa mchele na kuku, mpaka kuku wakatuchafulia kitanda, na Veronika alikuja na chupa ya uji kutoka Mang'ula, nusu imemwagikia kitenge chake njiani, na bado akaingia nayo kwa majivuno. Anayekwenda kwa mzazi mikono mitupu huku kwetu anasemwa, na watoto wake wanasemwa. Na mimi kila asubuhi nashuka kwa mzazi yule, nakaa mlangoni pake, namkodolea macho, napanda. Sina hata ukoko wa kumpa. Ilinishinda. Najua ni upuuzi, pweza hana majirani. Ilinishinda hivyohivyo.

Nikaanza kumpelekea kaa. Nilikuwa nawakamata alfajiri ufukweni na kuwaficha kwenye mfuko wa jaketi la kuzamia, Daktari asijue. Kaa wa kwanza alimpuliza nje kwa maji, mlango ukafungwa. Nikajiambia mzazi siku ya kwanza hukataa uji. Nikapeleka wa pili, naye akapulizwa. Mimi ni mbishi, unanijua. Siku nyingine nikakuta gamba tupu nje ya tundu, nikafurahi peke yangu chini ya maji kama mwehu. Tangu hapo nikinyoosha mkono tu, hata usio na kitu, mnyiri unatoka. Kisha inatoka miwili. Mwishowe alikuwa anasukuma mawe yake mwenyewe anitokee nusu mwili.

Bakari aliona. Hakunishtaki. Alinisubiri tukiwa tunaosha vifaa, akaniambia, "Unamfundisha mkono, ndugu yangu. Na mkono hauna jina."

Nikamjibu kwamba sihitaji Mpwani anifundishe adabu ya kumtembelea mzazi. Nilicheka. Yeye hakucheka, aliendelea kuosha.

Nilikuwa nimepiga hesabu kichwani kwamba mayai yataanguliwa kabla mwamba haujafunguliwa. Hayakuanguliwa. Siku ya kufungua sisi hatukuzamia, bahari ilikuwa ya wenyewe. Alasiri nikaenda pwani wanapopimia. Watu walikuwa na furaha, mapweza yamelundikwa, wanawake wanaimba. Nikamwona kwenye rundo. Nilimjua kwa ile ncha iliyokatika. Mvuvi alikuwa baba wa watoto kama mimi, akaona namtazama yule, akataka kunipa habari yake kwa sababu ilimfurahisha.

"Huyu hakunisumbua," akasema. "Nilinyoosha mkono kutafuta tundu, akanishika mwenyewe, akatoka."

Nikamwambia hongera. Ningemwambia nini tena? Mwamba umefunguliwa, haki ni yake, na watoto wake wangekula. Wa kugombezwa pale nilikuwa mimi tu, na hakuna aliyejua isipokuwa Bakari, aliyeondoka zake bila kunitazama.

Kesho yake nikawahi kushuka. Mawe yamesukumwa, mlango wazi, mayai yapo. Samaki wadogo, wale wa rangi nzuri ambao wageni hulipa kuja kuwaona, walikuwa wamejaa mlangoni kama kuku kwenye mpunga ulioanikwa. Nikawafukuza. Nikamulika, na ndani ya kila yai kulikuwa na macho mawili meusi. Yalinitazama, Skola, au mimi niliona hivyo. Nikaanza kuyapepea maji kwa kiganja, kama nilivyomwona mama yao akifanya. Nikiacha kufukuza, wanakula. Nikiacha kupepea, yanaingia uchafu. Kazi ya mikono minane naifanya kwa miwili.

Sheria ya mtungi ni moja: hewa ikifika nusu, unaanza kupanda. Bakari alinionyesha geji, saa ya kupimia hewa. Nikatikisa kichwa. Akanishika mkono, nikajinasua. Akapanda kwa sababu hewa yake iliisha na ana mke. Nikapanda kubadili mtungi, nikashuka tena kabla damu yangu haijatulia, nikabadili tena, nikashuka. Daktari alikuwa nchi kavu, na Bakari kule botini alinisihi, mimi nikamtolea maneno machafu. Mara ya mwisho geji sikuitazama kabisa. Nilijua nikiitazama nitapaswa kupanda. Ghafla mpira wa hewa ukawa mgumu mdomoni, unavuta na hakuna kinachokuja. Nikafyatuka kwenda juu kwa mkupuo, jambo ambalo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anakatazwa.

Wakanilaza ndani ya boti. Nikamwambia Bakari anivue mapezi, yananibana miguu. Alikuwa ameshanivua.

Hewa iliyoingia kwenye damu ilikuwa imeziba mahali mgongoni. Kuna chumba cha presha cha kutibia hali hiyo, lakini ni mbali na nilifika nimechelewa. Daktari alikuja hospitali, akakaa kando ya kitanda, akalia, hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Na mayai? Bakari alishuka kesho yake, hakukuta hata moja. Nilipomwuliza alijaribu kunidanganya kwamba mengine yameanguliwa, lakini yule hajui kudanganya, sauti inampanda.

Nikarudishwa Ifakara, mzigo. Mama yako, Oliva wangu, hakununa safari hii. Alipokea kilichoshushwa kwenye gari na kukiingiza ndani. Alilima Idete, alirudi kunigeuza, alikwenda tena. Wewe ulikuwa unamsaidia kushika miguu yangu, unakumbuka, unaiita "miguu ya baba iliyolala". Miaka ikapita hivyo, na mimi nilizoea. Ndiyo hatari ya kuhudumiwa. Ukishazoea, unaona ni kama jua, litachomoza tu.

Mwaka ule wa kikohozi cha mama yako unaukumbuka. Alianza masika, wakati wa kupalilia, akasema ni vumbi la pumba, kana kwamba masika kuna vumbi. Alikonda. Hospitali iko hapahapa Ifakara, watu wanatoka Malinyi na mbali zaidi kuja kutibiwa, na yeye anapita getini na jembe begani. Nilimwambia aende. Mara moja nilimwambia kwa ukali, nikasema wakimlaza na alazwe. Akanijibu, "Wakinilaza nani atakugeuza?"

Nikanyamaza. Siku hizo mgongo ulikuwa unaniuma sana na nilikuwa nasubiri anigeuze. Nilinyamaza kwa sababu hiyo, sina nyingine. Ningeweza kusema Veronika yupo. Ningeweza kusema niache nioze. Nilinyamaza, akanigeuza, nikapata usingizi. Alipokwenda hospitali alikwenda amebebwa, na uliyabeba maji yake ya kunywa wewe mwenyewe, kwa hiyo mwisho wake huhitaji kusimuliwa.

Sitamfananisha mama yako na pweza. Angefufuka anipige mwiko. Lakini juzi pale uani sauti ilikuwa yake, maneno ni yale yale, na mimi nikalala kitandani nikiwa na hofu ambayo hata siku ile mpira ulipokauka mdomoni sikuwa nayo. Nilitaka kukuita nikukemee. Nikajua ukija utanigeuza kwanza, na nikishageuzwa nitanyamaza. Najijua.

Kwa hiyo nenda. Kuna mambo ya huko chini nikuachie, uyachukue au uyaache. Pweza akikushika usivute, legeza, utakumbuka. Mpende, sikukatazi, na hata nikikukataza utampenda tu: jicho lile likikutazama utajua ndani kuna mwenyewe. Mpe kidole, usimpe kaa. Adabu yetu ya mzazi iache huku kwa wazazi wenye majirani. Mwamba ukikaribia kufunguliwa, usiende kumwona, hata akiwa na mayai, hata kama unajua kesho hatakuwepo. Utalia, na kulia ndani ya miwani ya kuzamia ni balaa, huwezi kujifuta. Na siku Bakari atakapokuonyesha geji, usimtolee maneno. Mwambie mimi nilisema samahani. Nimemwambia kwa simu mara nyingi, lakini ana tabia ya kukata ninapofika hapo.

Hewa ikifika nusu, panda. Chini kutakuwa na kitu kisicho na mwingine isipokuwa wewe, daima kipo, na kitakuwa kizuri, na utaona aibu kukiacha. Panda. Hata kama kilichobaki chini ni mimi, panda.

Sasa nilipo. Asubuhi ulipotoka tu, nilimpigia Veronika. Alinifokea kwa muda, akasema mtoto ataniona katili, nikamwambia na anione. Jirani mwenye pikapu anapeleka mchele Mang'ula leo, na yeye na wanawe watanibeba na kunilaza juu ya magunia. Nasikia wanafungua geti, kwa hiyo nafupisha. Kwa Veronika kuna yeye na mkwe wake, watanigeuza. Wana mikono mizito, watanigeuza kama gunia la pumba, na mimi nitalalamika kutwa, na wakinisikia nalalamika watajua bado nipo. Vidonda vikizidi, vitazidi. Hilo si lako tena. Limekuwa lako miaka ya kutosha.

Kitanda changu nimewaambia wakichukue pia, ili usije ukalala karibu yake leo ukaanza kufikiri. Ndani humo hakuna mtu wa kugeuzwa. Kula, lala, funga mlango.

Basi lako linapita Mang'ula. Nyumba ya Veronika unaijua, upande wa mlima, penye matuta, mabasi hupunguza mwendo pale na kondakta huuliza kama kuna wa kushuka. Nimemwambia Veronika aniweke barazani mapema. Nitalijua basi, na nikikuona dirishani nitafurahi kuliko unavyoweza kudhani.

Usishuke.

Baba yako